Kuhama chuo katikati ya uzamivu kwa sababu za nyumbani: niliyoyapitia kutoka Marekani hadi Dar es Salaam

Kisima Kirefu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Naandika uzi huu nikiwa Mbagala, nyumbani kwa mama yangu. Mwaka huu peke yake nimepigiwa simu na watu wanne walioko masomoni nje ya nchi, na wote wameniuliza jambo moja: je, mtu anaweza kuhama chuo katikati ya shahada ya uzamivu (PhD) kwa sababu ya mambo ya nyumbani, na akihama anabaki na nini mkononi? Swali la kwanza lina jibu fupi, kwamba inawezekana. La pili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikaribia kupoteza kila kitu kwa kutojua mambo mawili ambayo mtu yeyote wa ofisi ya udahili angenieleza kwa dakika tano.

Nilianza masomo Agosti 2021 katika chuo kimoja cha majimbo ya kati ya Marekani. Nilikuwa na shahada ya kwanza tu, kwani kule si ajabu mtu kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, akasoma kozi miaka ya mwanzo, akafanya mitihani ya kufuzu, kisha ndipo akazama kwenye utafiti wake. Mada yangu ilikuwa maji ya ardhini: namna maji ya bahari yanavyopenya kwenye visima vya ukanda wa pwani ya Dar es Salaam, na jinsi uchotaji wetu unavyoyavuta. Oktoba 2022, saa kumi na moja alfajiri ya kule, ambayo hapa ni saa saba mchana, mdogo wangu alinipigia simu ya video. Alikuwa akitetemeka, akasahau kuielekeza simu kwa mama. Kwa dakika nzima niliona feni na doa la maji kwenye dari, huku nikiisikia sauti ya mama ikijaribu kulitaja jina langu na kukwama kwenye herufi ya kwanza. Kilikuwa kiharusi, na upande wake wa kulia ulikuwa umelala.

Miezi iliyofuata nilijaribu kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akifika Mbagala saa nne asubuhi, nami kule wakati wa baridi inakuwa saa saba usiku. Nilikuwa naiegemeza simu kwenye vitabu nikimwangalia mama akijitahidi kukamua limau kwa mkono wa kulia. Mpira mdogo aliopewa hospitalini aliukataa, akasema mkono wake unalijua limau. Asubuhi yake nilikuwa na kipindi cha kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa posho yangu ilitokana na kazi hiyo. Kufikia Januari 2023 nilijua kwamba sitaweza kuendelea hivyo miaka mingine minne, na kwamba baba yangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, mtu wa kuwa karibu na mama ni mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulitafuta neno "uhamisho" kwenye miongozo ya vyuo. Katika shahada ya kwanza neno hilo lina maana. Tumezoea kusikia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikitangaza muda wa wanafunzi kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na krediti zao zikahesabiwa kule waendako. Mwanafunzi wa uzamivu hali yake ni tofauti. Yeye amepokelewa na msimamizi fulani, kwa mada fulani, kwa fedha za mradi au za idara fulani, na akiondoka vyote hivyo vinabaki nyuma. Kule anakokwenda anaomba upya kama mwombaji mwingine yeyote, na kozi alizosoma huenda zikahesabiwa kidogo au zisihesabiwe kabisa. Anachobeba ni ujuzi wake, data zake ikiwa ameruhusiwa kuzibeba, na neno la msimamizi anayemwacha. Ukilielewa hilo mapema, utaacha kuuliza "nitahamaje" na utaanza kuuliza "nitaondoka hapa na nini, na nani atanipokea".

Sasa naomba sehemu hii isomwe kwa makini, hasa na wale walioingia uzamivu bila kupitia uzamili (shahada ya pili). Barua yangu ya kujiondoa ilikuwa tayari imeandikwa, ipo kwenye kompyuta inasubiri kutumwa, nilipopiga simu kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam kuuliza nafasi. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Akaniuliza, "Kaka, uzamili wako ni wa chuo gani?" Nikanyamaza. Sikuwa nao. Vyuo vyetu humpokea mtu wa uzamivu akiwa na shahada ya uzamili, na mimi nilikuwa nakaribia kurudi nyumbani na mwaka mmoja na nusu wa masomo usio na cheti chochote. Laiti ningetuma ile barua usiku ule, ningerudi kuanza uzamili.

Ikanibidi nibaki hadi Mei 2023. Idara nyingi za Marekani humruhusu mwanafunzi wa uzamivu anayetoka njiani atunukiwe uzamili, mradi ametimiza kozi zinazotakiwa, na mara nyingi kuna njia mbili: ya kuandika tasnifu na ya kozi na mtihani. Msimamizi wangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri niandike tasnifu kwa sababu nilikwisha kuwa na vipimo vya visima thelathini na sita vya hapa Dar es Salaam. Aliyeniokoa ni mwenzangu wa maabara, Mghana, aliyeniuliza, "Ukizitumia data hizo sasa, uzamivu utauandikia nini?" Mnalijua lile tamko la mwanzo wa kila tasnifu, lisemalo kwamba kazi hii haijawahi kuwasilishwa katika chuo kingine chochote kwa ajili ya shahada hii au nyingine. Ningekuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nikachukua njia ya kozi na mtihani, visima vyangu vikabaki havijaguswa.

Kuhusu msimamizi, nilimficha kwa miezi minne, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Niliona aibu, kana kwamba ugonjwa wa mama ulikuwa uzembe wangu. Yeye kwa upande wake aliona taarifa zangu zinazidi kuwa nyembamba, akadhani nimechoka na utafiti. Siku nilipomweleza nilitumia sentensi mbili: mama yangu amepata kiharusi, nami nataka kumalizia uzamivu nikiwa karibu naye. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza barua yake ya mapendekezo iseme nini. Jioni hiyo hiyo nikamwandikia barua pepe fupi tukakubaliana ndani yake: data zipi nachukua, zipi zinabaki kwenye maabara yake, na makala itakayotokana nazo itabeba majina ya nani na kwa mpangilio upi. Akajibu kwa neno moja, nakubali. Barua pepe hiyo ndiyo niliyoiambatanisha na maombi yangu hapa, na mwenyekiti wa kamati ya idara aliniambia baadaye kwamba ndiyo iliyowatoa wasiwasi.

Mambo mengine nayapitia kwa haraka. Viza ya mwanafunzi ya Marekani, kwa kanuni nilizoondoka nazo, humpa aliyehitimu siku 60 za kufungasha, ilhali anayejiondoa kwa idhini ya chuo hupata siku 15 tu. Hiyo ni faida nyingine ya kutoka na uzamili. Tuzo ya nje hupelekwa TCU kutambuliwa, kwa hiyo usiondoke kabla hujahakikisha namna cheti na transkripti vitakavyokufikia. Yangu ilizuiwa na ofisi moja ya chuo kwa wiki tano kwa sababu ya deni la bima ya afya ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninalo.

Fedha ndizo zilizoniuma. Kule nililipwa ili nisome, hapa nalipa ada ili nisome, na mashine ya kupima isotopu (vipimo vinavyosaidia kujua maji yametoka wapi) niliyokuwa naivukia korido sasa naifikia kwa kutuma sampuli zenye vibali na kusubiri miezi. Ninaishi kwa kazi ya usaidizi wa utafiti katika mradi wa msimamizi wangu mpya. Lakini kisima kikibadilika ladha Kigamboni leo, kesho asubuhi nimevuka kwa kivuko na chupa zangu. Hilo nisingelipata kule.

Mama wa Kimara

Pole sana ndugu yangu, na Mungu azidi kumpa mama nafuu. Mimi jambo langu ni la hapahapa nchini. Nimesajiliwa uzamivu katika chuo kilichoko Morogoro, mwaka wa pili, kwa njia ya tasnifu tupu bila kozi. Nilipoanza, mume wangu alikuwa akifanya kazi huko. Sasa amehamishiwa Dar es Salaam, tunaishi Kimara, nina watoto wawili na mdogo ana miezi tisa. Pendekezo langu la utafiti lilishapita idarani na idhini ya maadili ya utafiti ninayo. Nataka kuhamia chuo cha hapa ili niwe nalala nyumbani. Je, na mimi nitaanza upya? Na msimamizi wangu nimwambie nini, ikiwa ni mtu aliyenipokea vizuri na ambaye sina ugomvi naye hata kidogo?

Mwalimu Mstaafu

Nimesimamia wanafunzi wa uzamivu kwa zaidi ya miaka ishirini na nimekaa kwenye kamati zinazopokea maombi ya wanaohama, kwa hiyo niruhusiwe kusema neno.

Mama wa Kimara, kabla hujauliza utahama vipi, jiulize ni kitu gani hasa kinachotakiwa kusogea. Kinachotakiwa kusogea ni usingizi wako na watoto wako, si usajili wako. Mwanafunzi wa tasnifu tupu ambaye pendekezo lake limepita hahitajiki chuoni kila siku. Anahitajika kuonana na msimamizi, kutoa taarifa za maendeleo na kuhudhuria semina. Tangu Juni 2024 treni ya kisasa inakutoa Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na jioni umerudi kunyonyesha. Mwombe msimamizi wako aridhie msimamizi wa pili aliyeko Dar es Salaam. Hilo hufanyika, huidhinishwa na vikao vya chuo, na halimdhalilishi mtu. Ukihama, utaomba upya, huenda ukatetea tena pendekezo mbele ya idara yenye mtazamo mwingine, na idhini yako ya maadili itabidi irekebishwe kwa kuwa imetaja chuo na wasimamizi. Mwaka mzima unaweza kupotea kwa kutafuta unafuu ambao ungeupata kwa nauli ya treni.

Ikiwa hata hivyo utahama, uliza jambo moja na ulipate kwa maandishi: muda wako wa usajili utaanza kuhesabiwa lini? Nimewaona watu walioambiwa kwa mdomo kwamba miaka yao miwili itatambuliwa, kisha aliyewaambia akastaafu.

Kwa mleta mada, uliyoyasema kuhusu barua ya msimamizi ni kweli tupu. Kamati inapoona mtu anahama katikati, swali linalozunguka mezani ni je, huyu amegombana na mtu? Hatulisemi, lakini tunalo. Mwombaji anayekuja na barua ya anayemwacha hutuondolea swali hilo, nasi tunabaki kujadili jambo la maana, yaani kama tunaye mtu wa kuisimamia mada yake. Nimewahi kuona ombi zuri sana likikataliwa kwa sababu hiyo tu: hapakuwa na msimamizi wa fani ile, na kumpokea kungekuwa kumdhulumu.

Kisima Kirefu (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu, na asante sana. Naungana nawe kuhusu dada yetu wa Kimara. Laiti utafiti wangu ungekuwa wa tasnifu tupu na chuo kikawa Morogoro, nisingehama.

Mgeni wa Baridi

Niko Marekani, mwaka wa tatu. Mke wangu ni muuguzi katika jimbo jingine, saa tano kwa ndege, na mtoto wetu alizaliwa mwezi wa pili. Nimemuona mara tatu. Nataka kuhamia chuo kilicho kwenye mji anaofanyia kazi mke wangu. Mitihani ya kufuzu nimeshapita. Kinachonizuia ni kwamba kila ninayemuuliza hapa ananiambia nisitaje familia kwenye maombi, kwamba nitaonekana sina msimamo na kazi, na kwamba nibuni sababu ya kitaaluma. Mnasemaje?

Kisima Kirefu (mleta mada)

Hongera kwa mtoto, kaka, na pole kwa umbali. Naanza na yale yasiyosubiri. Usijiondoe kabla chuo cha pili hakijakupokea. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, rekodi yako ya uhamiaji huhamishwa kutoka chuo hadi chuo kwa tarehe mtakayokubaliana, na masomo mapya yanatakiwa kuanza ndani ya miezi mitano tangu ulipoacha ya kwanza. Pengo likizidi hapo utajikuta unaanza viza upya. Zungumza na mshauri wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote wa utawala. Kwa walioko Uingereza wanaosoma hapa, kwenu ni tofauti: anayebadili chuo kinachomdhamini huomba ruhusa mpya ya viza.

Pili, maombi ya uzamivu kule hufungwa kwa wingi mwezi Desemba na masomo huanza Agosti au Septemba. Ukihama, mtoto atakuwa amefikisha mwaka na nusu kabla hujaanza, kisha huenda chuo kipya kikataka ufanye tena mitihani ya kufuzu. Wewe umeshaipita. Kwa hiyo ushauri wa Mwalimu kwa dada wa Kimara unakuhusu kuliko ulivyonihusu mimi: mtu aliyekwisha kufuzu mara nyingi anaweza kukubaliana na msimamizi wake akaandikie tasnifu mji mwingine, huku chuo cha mji huo kikimpokea kama mgeni mwenye ruhusa ya maktaba na dawati. Kitakachokufunga ni chanzo cha posho yako. Kama unalipwa kwa kufundisha darasani, itabidi mtafute fedha nyingine. Kama unalipwa na mradi wa msimamizi, uamuzi mkubwa uko kwake. Muulize.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, usibuni sababu. Nasema hivi kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza. Sababu ya kubuni hujulikana, kwani mtu huandika kwamba amevutiwa na maabara fulani halafu hawezi kutaja makala hata moja iliyotoka humo. Andika sentensi moja kuhusu familia, iliyonyooka, isiyoomba huruma: mke wangu na mtoto wetu wanaishi katika mji huu nami nimeamua kuishi nao. Baada ya hapo barua yote iliyobaki iwe juu ya kazi yako, umefika wapi, nini kimebaki, na nani katika idara hiyo anaweza kuisimamia na kwa nini. Wanaokuambia ufiche familia wanakutakia mema, lakini wanakufundisha kuingia nyumba mpya kwa jambo lisilo kweli, na mtoto wako atakapougua usiku mmoja msimamizi mpya hatakuwa na habari kwamba unaye mtoto.

Nyongeza moja: kwa yeyote anayesoma kwa ruhusa ya mwajiri wa hapa nyumbani, mkataba uliosaini unataja chuo na muda. Ukibadili chuo bila mwajiri kuandikiwa na kukubali, umeuvunja mkataba hata kama unasoma kwa bidii kuliko mwanzo. Nimeona watu wakidaiwa gharama zote kwa sababu ya barua moja ambayo hawakuiandika.

Mama wa Kimara

Wanajukwaa, narudi baada ya wiki tatu. Nilikwenda Morogoro Jumanne na treni ya asubuhi, nikamweleza msimamizi wangu hali yote. Hakushangaa. Alisema aliona kwenye simu zangu kwamba kila mara nilikuwa nazungumza kwa kunong'ona, akajua kuna mtoto amelala. Amekubali msimamizi wa pili wa hapa Dar es Salaam, mtu ambaye walisoma pamoja, na jina linapelekwa kwenye kikao kijacho cha idara. Nitakwenda Morogoro mara moja kila mwezi. Sihami. Nilikuwa nimekwisha kujaza nusu ya fomu ya chuo kingine.

Mgeni wa Baridi

Nami nimezungumza na msimamizi wangu jana. Anasema fedha za mradi zinanitosha hadi Mei mwakani nikiwa popote, baada ya hapo hawezi kuahidi. Ninaona niombe kote kuwili, yaani niandikie tasnifu kule kwa mke wangu na wakati huohuo nipeleke maombi Desemba, ili Mei isinikute mikono mitupu. Kuhusu data, zimo kwenye seva ya maabara na sijawahi kuandikiana naye chochote. Mleta mada, ile barua pepe yako ilikuwa na maneno gani hasa?

Kisima Kirefu (mleta mada)

Mpango wako naona umekaa vizuri. Barua pepe yangu ilikuwa na aya moja yenye mambo matatu. La kwanza lilitaja data kwa majina ya mafaili na tarehe za kukusanywa, si kwa jumla jumla. La pili lilisema nina ruhusa ya kuzitumia kwenye tasnifu ya uzamivu popote nitakapokuwa nimesajiliwa, na nikaongeza maneno "popote nitakapokuwa" kwa sababu wakati ule sikujua ni chuo gani kitanipokea. La tatu lilihusu majina ya waandishi wa makala. Kama mradi una wafadhili, muulize pia iwapo mkataba wao unaruhusu data kutoka nje ya chuo, kwa kuwa hapo ridhaa ya msimamizi peke yake haitoshi. Andika rasimu uniletee faraghani nitaisoma. Kesho sitakuwepo, nina visima sita vya kupima Kigamboni na mama ameomba nimpitishie malimau sokoni Temeke nikirudi, lakini keshokutwa asubuhi nitakuwa nimeshakujibu.